Kabla Hujamlipia Mwanao Darasa la Dansi

Usilipe siku ya kwanza. Nenda na mtoto, mkae pembeni, mtazame darasa zima kuanzia watoto wanapovua viatu hadi wanapopokelewa na wazazi wao, kisha mrudi nyumbani mkazungumze. Studio ikikukatalia kutazama hata darasa moja, achana nayo, hata kama iko jirani na kwako na ada yake ni nafuu.

Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi, madarasa ya watoto utayakuta mahali pa kila namna: chumba chenye vioo juu ya duka, ukumbi wa kanisa Jumamosi asubuhi, jimu iliyotenga saa moja ya watoto kati ya vipindi vya watu wazima. Mzazi huingia akiwa na swali moja kichwani: nimpeleke kwenye baleti, hip hop au ngoma za asili? Swali hilo lina wakati wake, lakini si la kwanza. La kwanza ni nani atakayesimama mbele ya mwanangu, na atamfanyaje akichoka, akikosea au akiona haya.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane hivi, mtindo haubadilishi mengi. Anachojifunza umri huo ni kusikia mapigo na kukanyaga nayo, kujua kulia na kushoto bila kuchungulia mkono wa jirani, kuruka kwa mguu mmoja na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, kukumbuka hatua nne kwa mpangilio wake, kungoja zamu, kucheza karibu na mwenzake bila kumgonga. Mwalimu hodari atayafundisha hayo kwa marimba, kwa piano au kwa singeli. Mwalimu asiyejua watoto atampa staili za kuiga kutoka kwenye video, na baada ya muhula mzima mtoto atakuwa ameondoka na staili tatu na hajui kutua.

Cha kutazama ukiwa pembeni

Dakika kumi za mwanzo zitakuambia mengi. Watoto wanatakiwa kuanza kwa kutembea, kukimbia taratibu, kurukaruka na kuzungusha mabega mpaka jasho jepesi lionekane usoni. Kunyoosha viungo kwa kina kunakuja baadaye, misuli ikiwa imepata joto. Ukiona watoto wameingia, wameketi na kuamriwa wapige msamba papo hapo, darasa hilo limeanza vibaya.

Msamba wenyewe unahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo watoto huumizwa na watu wenye nia njema. Mtoto hufika chini kwa kujishusha mwenyewe, wiki baada ya wiki, akikoma panapoanza kuuma. Mtu mzima hapaswi kumkalia mgongoni, kumkandamiza mapaja wala kumwagiza mwenzake amsukume. Mifupa ya mtoto ingali inakua kwenye ncha zake, na kano za misuli hujishikiza karibu na sehemu hizo laini. Nguvu inayotoka nje inaweza kupasua kitu ambacho kingekuwa salama kwa subira ya miezi michache. Mtoto akilia kwenye msamba na mwalimu akasema "vumilia, ndiyo mazoezi," mchukue mwanao mwende zenu. Nimeliandika hilo kwa ukali makusudi.

Baleti ina kosa lake la namna hiyo. Wachezaji wake hugeuza miguu nje, vidole vikitazama pembeni, na kugeuka huko kunatakiwa kutokea kwenye nyonga. Nyonga za watoto hazifanani. Asiyejaliwa kugeuka sana akilazimishwa atazungusha goti na kulaza unyayo upande wa ndani ili miguu yake ifanane na ya jirani. Kwa hiyo tazama magoti: yakikunjwa, yaelekee kule vidole vinakoelekea. Yakiangukia ndani, mwalimu anatakiwa kumwambia mtoto apunguze kugeuza miguu. Asiposema, ama hajaona, ama ameona na hajali, na vyote viwili ni vibaya.

Sikiliza pia anavyosahihisha. "Tua bila kelele" ni sentensi inayomsaidia mtoto kufanya kitu. "Unacheza kama gogo" haimpi la kufanya, inamwachia aibu tu. Maneno kuhusu unene, wembamba, weusi au nywele hayana kazi darasani hata yakisemwa kwa utani. Mkono wa mwalimu uguse bega, kiwiko au kisigino, mbele ya wote, baada ya kusema "nitagusa bega lako, sawa?" Mtoto wa miaka mitano anaweza kabisa kuombwa ruhusa ya namna hiyo, na aliyezoea kuombwa atashtuka upesi siku mtu asipoomba.

Kisha mtafute mtoto aliye nyuma kabisa, yule anayegeuka kulia wenzake wakienda kushoto. Tazama mwalimu anamfikia mara ngapi, na anamfikia kwa sura gani. Huenda mwanao ndiye atakayesimama hapo mwezi ujao.

Jambo dogo la mwisho: angalia saa. Kuna madarasa ambayo watoto hutumia nusu ya muda wakiwa wamepanga foleni kungoja zamu ya kuvuka ukumbi. Kungoja kidogo ni sehemu ya mafunzo. Kungoja dakika ishirini ni ada yako inayopotea.

Sakafu na mwalimu

Sakafu ya mbao iliyojengwa juu ya fremu yenye kunepa hupokea mshindo wa mruko. Kigae na saruji havipokei kitu, na mshindo wote hurudi kwenye miundi na magoti. Studio yenye vigae si lazima uikimbie, ila uliza wanafanyaje. Jibu zuri ni kwamba miruko ni michache, watoto hufundishwa kutua kwa vidole kwanza, kisha kisigino, magoti yakikunjwa, na kuna mpira mgumu wa kutandika unaotulia chini bila kusogea. Godoro au mkeka laini haufai, kwa sababu mguu huzama na kifundo kupinda.

Na jengo zuri lisikupumbaze. Kibera, Nairobi, watoto wamejifunza baleti kwenye vyumba vya madarasa, madawati yakisogezwa, bila vioo wala ile fito ya kushikilia ukutani. Mike Wamaya, mmoja wa walimu waliofanya kazi hiyo, aliingia kumi bora ya tuzo ya walimu ya Global Teacher Prize mwaka 2017. Kazi yake ilionekana kwa watoto aliowafundisha, na chumba hakikuwa na lolote la kuonyesha.

Muulize mwalimu alisomea wapi. Swali hilo si ufidhuli. Kwa Tanzania, wengi hupitia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981 ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Mwalimu wa baleti anaweza kukutajia Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920, ambayo mitihani yake hufanyika katika nchi nyingi. Studio ikitumia mitihani hiyo, fahamu kwamba ngazi ya awali kabisa huanzia miaka 5, inayofuata miaka 6, na Gredi ya kwanza miaka 7. Hakuna sababu ya kumharakisha mtoto wa miaka minne kwa ajili ya cheti.

Wapo pia walimu wazuri sana waliolelewa na vikundi vya ngoma na hawana karatasi yoyote. Usiwadharau. Waulize mambo mengine: nani alikufundisha kufundisha watoto? Umekaa na watoto wa umri huu kwa muda gani? Mtoto akiteguka kifundo hapa utafanya nini? Swali la mwisho lina jibu linaloeleweka: anaacha kucheza hapohapo, anakalishwa mguu ukiwa juu, anawekewa kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa, na mzazi anapigiwa simu. Ukijibiwa kwamba watamchua na kumnyoosha mpaka aendelee, shukuru, aga, uondoke. Kifundo kilichoteguka sasa hivi hakichuliwi.

Umri na saa

Mtoto wa miaka mitatu au minne anatosheka na nusu saa, mzazi akiwa karibu. Kuanzia mitano hadi saba, dakika 45. Minane na kuendelea, saa nzima. Wazee walisema ngoma ya watoto haikeshi, na studio nyingi zingefaidika kuichukua methali hiyo kama ilivyo.

Mtoto akipenda sana na studio ikaanza kumwita siku nne kwa wiki, kuna kipimo chepesi ambacho madaktari wa michezo hukitumia: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka yake. Mwenye miaka minane asipite saa nane, ukijumlisha dansi, mpira, kuogelea na chochote kingine chenye kocha, na apate angalau siku moja bila mazoezi. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Darasa la Jumamosi peke yake halifikishi huko. Mwache aruke kamba na akimbizane uani kama kawaida.

Viatu vya baleti vya kusimamia ncha za vidole ni suala la peke yake. Wasichana huvitamani mapema, na wapo wazazi wanaovinunua kama zawadi. Wataalamu wa tiba ya dansi hushauri visianze kabla ya miaka 12 hivi, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi, mwalimu akishapima nguvu za kifundo, mguu na kiwiliwili. Studio inayomvika mtoto wa miaka tisa viatu hivyo kwa ajili ya picha inachezea mguu wake.

Kuna umri mtoto hurefuka ghafla na mwili kumpotea. Aliyekuwa akizunguka vizuri sasa anayumba. Aliyekuwa akinyoosha mguu hadi sikioni sasa anakaza. Kati ya miaka minane na kumi na minne visigino vinaweza kuuma baada ya kuruka, na wengine huuma chini kidogo ya goti. Hadeki. Mifupa imetangulia na misuli inaifuata. Mwambie mwalimu, punguzeni miruko kwa wiki kadhaa, na kama anachechemea, amevimba, au maumivu yanamwamsha usiku, mpeleke kwa daktari.

Ukichagua ngoma za asili

Hapa ndipo ningependa kuona wazazi wengi zaidi. Mtoto wa mjini ambaye babu na bibi yake wako mbali, na ambaye lugha ya kwao anaisikia kwenye simu tu, anaweza kuingia kwenye darasa hili na kutoka na wimbo mzima, maana yake, na sababu ya mguu kukanyaga hivi na si vile. Lakini inategemea mwalimu kuliko darasa lingine lolote.

Chukua bugobogobo ya Wasukuma. Wachezaji hushika majembe, na majembe yale hayakuletwa kwa pambo: ngoma hii ilikua pamoja na kulima kwa pamoja, mapigo yakiongoza mikono shambani. Mtoto anayerusha kijembe cha mbao bila kuambiwa hivyo amefundishwa sarakasi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega inabeba jina la ngoma zinazopigwa, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sindimba ya Wamakonde ilihusiana na sherehe za jando na unyago kabla ya kupanda majukwaani na kuingia shuleni. Mwalimu anayezijua hawezi kujizuia kuzisimulia. Akikuambia tu "tunafundisha ngoma za kiasili mchanganyiko", muulize ni zipi, za nani, na yeye alijifunza kwa nani.

Muulize pia kama kuna mpigaji. Darasa lenye ngoma moja na mpigaji mmoja linashinda darasa lenye spika kubwa. Mpigaji humwona mtoto aliyechelewa akamsubiri. Akibadili mapigo, miguu ya darasa zima hulazimika kusikiliza na kubadilika. Watoto wakipewa zamu ya kupiga, kutikisa manyanga na kuitikia wimbo, ndiyo kamili, kwa sababu kwetu kucheza, kuimba na kupiga havikuwahi kuwa masomo matatu.

Halafu kuna habari ya kiuno, ambayo wazazi huinong'ona. Ngoma nyingi za pwani na kusini huchezwa kwa kiuno, na kiuno kile ni ufundi: magoti yamelegea, mabega yametulia, pumzi inatoka kwa utaratibu, na nyonga zinafuata mapigo. Mtoto kujifunza hivyo si aibu. Kinachoharibu ni vitu vingine vinavyoongezwa: wimbo wenye maneno ya kikubwa, nguo ya kupandia jukwaa la baa, sura anayofundishwa kuitengeneza mbele ya kamera, na ukumbi wa watu wazima wanaomtuza noti mtoto wa miaka saba. Omba usikilizishwe nyimbo za muhula, iwe ni ngoma, singeli au amapiano. Zipo pia ngoma za unyago zenye rika lake, mahali pake na makungwi wake, na hazina nafasi kwenye darasa la watoto. Mwalimu mwenye adabu ya kazi yake atakuambia mwenyewe kwamba hizo hafundishi.

Kama nyumbani kwenu mna taratibu za dini, zungumza mapema. Suruali ya kulegea, fulana ya mikono mirefu na mtandio wa michezo usiofunguka havimzuii mtoto kucheza mtindo wowote. Saa za swala na mfungo wa Ramadhani hupangika, ukisema kabla muhula haujaanza.

Milango, picha na pesa

Uliza nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto, na kama jina linaandikwa. Uliza chooni anasindikizwa na nani. Watoto wabadilishie nguo chumba chao, watu wazima wasiohusika wakae nje, na simu zisiingie humo. Somo la mtoto mmoja na mwalimu mmoja lifanyike mlango ukiwa wazi, au nawe ukiwepo. Mwalimu mwaminifu hataudhika. Masharti hayo yanamlinda na yeye.

Picha na video zina uzito wake siku hizi, kwa sababu studio hujitangaza kwa watoto wetu. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na Tanzania nayo ina sheria yake ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Una haki ya kusema hapana, au kusema ndiyo kwa picha za kikundi bila jina wala shule yake. Lifanye kwa maandishi. Na likitokea jambo la kumdhuru mtoto, namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya vilevile.

Kwenye pesa, ada iliyotangazwa mara nyingi si gharama nzima. Uliza vazi la onyesho linanunuliwa au linaazimwa, mitihani ni hiari au lazima, wiki ya ugonjwa inafidiwa au inapotea, na kama wewe mwenyewe utalipia tiketi ya kumtazama mwanao. Dai risiti. Kwa wiki za mwanzo usinunue chochote: taiti au bukta, fulana isiyobana na isiyopwaya, na miguu mitupu au raba safi kutegemea mtindo.

Onyesho la mwisho wa muhula ni furaha kubwa kwa watoto, na sina neno nalo likikaa mahali pake. Likianza kulimeza darasa, liulizie. Kuna studio ambazo kuanzia wiki ya tatu hakuna kinachofundishwa isipokuwa ngoma moja ya dakika nne, wenye kipaji wakiwa mbele na waliobaki wakitingisha mikono nyuma. Uliza kama kila mtoto atapata sehemu ya kuonekana, na kama ratiba itawamaliza wadogo kabla ya saa mbili usiku. Mtoto asiyetaka kupanda jukwaani asipande. Atapanda mwakani, au hatapanda kabisa, na ataendelea kucheza.

Una mvulana? Tafuta darasa lenye wavulana wengine angalau wawili, au mwalimu wa kiume, angalau mwanzoni. Mzaha wa shuleni huwa mwepesi akiwa na mwenzake. Una mtoto asiyesikia, anayetumia kiti cha magurudumu, au anayejifunza taratibu? Nenda naye umwone mwalimu kabla ya darasa, na usikilize anazungumza naye au anazungumza nawe juu yake. Mtoto asiyesikia hupata mapigo kwa kutazama na kwa mtikisiko wa sakafu, hasa kukiwa na ngoma halisi karibu.

Wiki tatu au nne za kwanza mtoto anaweza kung'ang'ania mguu wako mlangoni. Hayo ni mageni, yataisha. Linalotofautiana na hilo ni mtoto aliyekuwa akienda kwa furaha kisha ghafla akaanza kuumwa tumbo kila siku ya darasa. Usimbembeleze wala usimkemee. Keti naye, umuulize taratibu, na wiki hiyo asiende mpaka ujue. Kwa siku za kawaida, akirudi nyumbani usimuulize kama alikuwa wa kwanza. Mwambie akuonyeshe walichocheza, nawe usimame ucheze naye.

Siku ya kwanza rasmi ikifika, mpe chupa ya maji yenye jina lake, ale kitu chepesi saa moja na nusu hivi kabla, kucha ziwe zimekatwa, nywele zifungwe, hereni na bangili zibaki nyumbani. Fikeni dakika kumi kabla, kwa sababu anayechelewa hukosa kupasha mwili. Foleni ikiwachelewesha na mkakuta wenzake wameshaanza kuruka, mwombe mwalimu amwache atembee na kurukaruka pembeni dakika tano kwanza, kisha aingie.